Muuguzi Mwanafunzi Asiachwe Peke Yake

Mnamo mwaka wa 2005, shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya lilianzisha mpango wa masomo ya masafa kwa njia ya kompyuta. Shabaha yake ilikuwa kuwainua wauguzi wapatao 22,000 kutoka kiwango cha cheti hadi stashahada. Sababu ilikuwa bayana: lau wote wangeitwa vyuoni kwa pamoja, wodi zingebaki bila wahudumu.

Hekima ya mpango wa namna hiyo haina shaka. Muuguzi husoma kwa kasi yake, na alilojifunza usiku hulitumia asubuhi kando ya kitanda cha mgonjwa. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba masomo haya ni mteremko. Mwalimu aliyewahi kujiendeleza wakati wa likizo anafahamu fika uzito wa kufungua kitabu baada ya kazi ya kutwa. Sembuse muuguzi atokaye zamu ya usiku, naye ana watoto wa kupeleka shuleni na karo yake mwenyewe ya kulipa.

Faida ya masomo hayo humfikia mgonjwa na mwajiri pia. Yafaa basi mzigo nao ugawanywe. Wasimamizi wa hospitali wapange zamu kwa kuzingatia siku za mitihani, na aliyefuzu apandishwe cheo bila kuzungushwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si haki ainame yeye pekee ilhali cha mvunguni tutakila sote.