Kamba za Kitanda Zikilegea, Hukazwa



Siku moja tulitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Mama mmoja alikaa peke yake karibu na mlango. Mwalimu alimwomba asogee mbele, akakataa. Mwalimu alipotoa kichekesho, darasa zima lilicheka, lakini yule mama aliuma midomo asicheke. Kabla kipindi hakijaisha aliondoka.

Baadaye alimweleza mwalimu wa kike siri yake. Tangu ajifungue mtoto wake wa nne, akicheka, akikohoa au akiinua ndoo ya maji, haja ndogo humtoka kidogo. Ameacha kwenda mikutanoni. Ameacha kwenda kusali pamoja na wenzake. Sasa alitaka kuacha na kisomo. Jirani mmoja alimwambia eti amerogwa. Mwingine alimwambia, "Ndiyo uzazi huo, mwenzangu. Vumilia tu."

Jina lake hatulitaji. Lakini tunaandika haya kwa ajili yake na kwa wote walio kama yeye. Mama huyu hakurogwa. Wala si lazima avumilie.

NI KITU GANI KIMELEGEA?

Wengi wetu tunakijua kitanda cha kamba. Kamba zikikazwa vizuri, mtu hulala raha mustarehe. Zikilegea, kitanda hubonyea katikati, na anayelala karibu aguse chini.

Ndani ya nyonga ya kila mtu iko misuli iliyotandazwa kama kamba hizo. Inaanzia mbele, kwenye mfupa wa kinena, na kufika nyuma kwenye kifandugu. Kwa mwanamke, misuli hii hubeba vitu vitatu: kibofu cha mkojo, mji wa mimba, na utumbo wa haja kubwa. Tena ndiyo inayotuwezesha kujizuia mpaka tufike chooni. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga.

Sasa fikirini kazi ya misuli hii wakati wa mimba. Mtoto anakua mwezi hata mwezi. Akikaribia kuzaliwa, mara nyingi ana uzito wa kilo 3 hivi. Ongeza maji ya uzazi na kondo la nyuma. Mzigo wote huo umelalia kamba zile zile. Siku ya kujifungua misuli huvutwa sana ili mtoto apite. Pengine huchanika.

Basi si ajabu ikilegea. Wataalamu wanasema kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 hutokwa na mkojo bila kutaka baada ya kujifungua. Hesabuni wenyewe. Wakikaa kina mama 30 waliojifungua karibuni, huenda 10 kati yao wana siri ile ile, na kila mmoja anadhani yuko peke yake!

MISULI HUJENGWA KWA KAZI

Mkono wa mkulima una nguvu kwa sababu unashika jembe kila siku. Misuli ya nyonga nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya kuikaza misuli hii. Leo mazoezi hayo yanafundishwa katika nchi nyingi. Hayana gharama. Hayahitaji chombo wala dawa. Unaweza kuyafanya umekaa unachambua mchele, na hakuna atakayejua.

Fanya hivi:

1. Kaa au lala chali, magoti umeyakunja. Tulia.

2. Fikiri kwamba uko mbele za watu na upepo unataka kukutoka. Kaza njia ya nyuma ili usitoke. Papo hapo kaza na njia ya mbele, kana kwamba unazuia haja ndogo. Utasikia kitu kinavutwa ndani na juu. Hiyo ndiyo misuli yenyewe.

3. Ishikilie huku ukihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukiweza kuhesabu kwa sauti, hujabana pumzi. Usikaze makalio, mapaja wala tumbo.

4. Legeza kabisa. Pumzika kwa hesabu ile ile. Kulegeza nako ni sehemu ya zoezi.

5. Rudia mara 10. Halafu kaza na kulegeza upesi upesi mara 10.

6. Fanya hivyo mara 3 kwa siku: asubuhi, mchana na usiku.

Mwanzoni pengine utashindwa kufika tano. Usijali, anza na mbili. Misuli ikipata nguvu utafika hata kumi. Usifanye zoezi hili kwa kukatiza mkojo kila unapokwenda chooni, maana mkojo unaweza kubaki kibofuni na kuleta ugonjwa.

Chukua daftari lako la kisomo. Kila ukimaliza zoezi chora mstari mmoja. Siku iliyokamilika ina mistari mitatu. Endelea kwa miezi mitatu au zaidi. Anayefanya juma moja na kuacha ni sawa na mtu aliyepalilia mstari mmoja wa shamba, akaenda kulala.

UANZE LINI?

Anza wakati wa mimba. Ukienda kliniki mwulize muuguzi kama hali yako inaruhusu. Baada ya kujifungua, anza pole pole mara unapojisikia huwezi kuumia. Ikiwa umewekewa mpira wa mkojo, ngoja mpaka utolewe. Ikiwa ulichanika vibaya au ulishonwa, mwulize muuguzi kwanza.

Zile siku arobaini za mapumziko ni wakati mzuri sana. Wazee wetu hawakukosea kumpumzisha mzazi. Ila tukumbuke jambo moja. Mkaja hufunga tumbo, lakini haufanyi misuli ya nyonga ipate nguvu. Tena ukikazwa mno, husukuma vitu chini juu ya kamba ambazo tayari zimelegea.

Mambo mengine yanayosaidia ni haya:

- Kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua mzigo, kaza kwanza.
- Kula mboga na matunda, ili usijikamue chooni. Kujikamua hulegeza misuli.
- Usiache kunywa maji kwa kuogopa mkojo. Mkojo mzito huwasha kibofu, na choo huwa kigumu.
- Kikohozi kisichokoma kitibiwe.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mazoezi hayaponyi kila kitu. Usikae nyumbani ukiona mojawapo ya haya:

- Mkojo unatiririka wakati wote, usiku na mchana, hata ukiwa umelala.
- Kinyesi kinatoka kwenye njia ya uzazi, au huwezi kuzuia haja kubwa.
- Unasikia uzito, au kitu kama uvimbe kinashuka kwenye njia ya uzazi.
- Mkojo unauma, una damu, au hautoki kabisa.

Mkojo unaotiririka bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu unaweza kuwa fistula. Hilo ni tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Hutokea pale kichwa cha mtoto kinapobana kwa muda mrefu mpaka nyama ya ndani inakufa. Tundu hilo haliponi kwa mazoezi. Ukiwahi sana, pengine mpira wa mkojo hutosha. Wengi huhitaji kushonwa na daktari. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam na ile ya Bugando, Mwanza, zimetibu kina mama wengi wenye fistula. Anza kwenye zahanati yako ili upewe barua ya kukupeleka mbele. Na njia ya kuizuia ni kujifungulia mahali penye mkunga aliyesomea, na kuwahi hospitali uchungu ukikawia.

Kizazi kikishuka nako kuna msaada. Kikishuka kidogo, mazoezi husaidia. Pengine mganga huweka pete maalumu ya kukishikilia, au hufanya upasuaji.

Tena katika hospitali kubwa wako wataalamu wa fiziotherapia, yaani wanaotibu kwa mazoezi ya viungo. Huko Moshi, KCMC, kiko chuo kinachowafundisha. Wengi wetu tunadhani kazi yao ni waliovunjika miguu tu. La! Hata misuli ya nyonga ni kazi yao. Mtaalamu ataangalia kama unakaza misuli inayotakiwa, maana wengine husukuma chini badala ya kuvuta juu. Usione haya kumwuliza.

NINYI WANAUME, MSIFUNGE GAZETI

Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Huo ni uzito wa watoto wachanga 6 na zaidi. Mama aliyejifungua juzi akiibeba kutoka kisimani, kamba zake zitakazika lini? Baba, chukua baiskeli, ukateke maji. Kuni nazo ni hivyo hivyo. Hakuna aliyevunjiwa heshima kwa kumsaidia mkewe.

Na mkeo akikueleza siri hii, usimcheke, usimnunie, wala usimfukuze chumbani. Mtafutie nauli ya kwenda zahanati. Katika mambo ya unyumba, mwache mpaka awe tayari.

YULE MAMA AMEFIKIA WAPI?

Mwalimu alimpeleka kwa muuguzi wa zahanati, akafundishwa zoezi. Mwezi wa kwanza hakuona mabadiliko, akataka kuacha. Mwalimu alimwonyesha mistari daftarini, akamwambia, "Dada, umekwisha lipa nusu ya nauli, utashuka njiani?" Akaendelea.

Tulirudi kijijini hapo mwezi wa tano. Bado huchukua kanga ya akiba kwenye mkoba, na akibeba mzigo mzito shida humrudia kidogo. Lakini siku hiyo hakukaa mlangoni. Alikaa katikati ya wenzake. Mwalimu alipotoa kichekesho chake, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma usilikunje gazeti hili ukaliweka. Msomee mama yako, dada yako, mke wako na jirani asiyejua kusoma.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kina mama wengi huficha shida hii?
2. Taja dalili nne zinazotaka mtu aende hospitali.
3. Katika kijiji chenu, ni nani humtekea maji mama aliyejifungua? Mfanye nini ili apumzike?