Je, Wajua? Bahasha Ndiyo Iliyoamua Nani Apate Dawa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na wagonjwa tele wa kifua kikuu na dawa ya streptomaisini kiduchu. Nani apewe? Mtakwimu Austin Bradford Hill hakutaka madaktari wachague, maana daktari naye ana huruma zake. Kundi la kila mgonjwa lilipangwa kwa bahati nasibu na kufichwa ndani ya bahasha iliyofungwa.

Wagonjwa walikuwa 107. Kati yao, 55 walidungwa sindano za dawa hiyo huku wakipumzika kitandani. 52 walipumzika tu. Hata waliosoma picha zao za eksirei hawakujua ni za kundi lipi. Miezi sita ilipopita, upande wa dawa walikuwa wamekufa 4, upande wa pili 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Wale 52, ajabu kwa macho ya leo, hawakuambiwa kwamba wamo katika utafiti.

Furaha haikudumu: bakteria walijenga usugu, ikabidi dawa zichanganywe. Katika miaka ya 1970, majaribio ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kuwa mchanganyiko wenye rifampisini unaweza kufupisha tiba kutoka miezi 18 hadi sita.