Mtoto kwa Kukhu

Katika vijiji vya Saboti nchini Kenya, kati ya Kitale na Mlima Elgon, mtoto akifiwa na wazazi, mara nyingi jamaa ndio huamua kwenye matanga nani atamchukua. Huenda akawa nyanya, ambaye Wabukusu humwita kukhu, au shangazi wa Bungoma. Kwa kawaida hakuna karatasi inayoandikwa. Kwa hiyo mtoto huyo mara nyingi haonekani katika hesabu za serikali za malezi, wakati mwenzake wa Uingereza huenda akawekwa kwa nyanya yake baada ya nyanya huyo kukaguliwa na maafisa, na hivyo akahesabiwa. Kulinganisha takwimu za nchi mbili bila kulijua hilo ni kujidanganya.

Sheria nazo hutofautiana. New Zealand, kwa msukumo wa Wamaori, wenyeji wake wa asili, iliweka mwaka 1989 kikao rasmi cha ukoo cha kupanga malezi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1979 kwamba undugu pekee si sababu ya kumnyima mlezi malipo ya mpango wa serikali kuu. Kenya iliutambua ulezi wa jamaa, pamoja na kafala, yaani ulezi wa mtoto kwa taratibu za Kiislamu, katika Sheria ya Watoto ya 2022.

Lakini kizito zaidi ni fedha. Ruzuku ya serikali ya Kenya kwa kaya zenye mayatima, iliyoanza 2004, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, wawe watoto wawili au sita, na si kila kukhu huipata. Anayeikosa hulisha wajukuu kwa shamba lake la mahindi, na mvua ikichelewa hana wa kumwendea.