Njia ya Mombasa na magarimoshi yaliyobeba majina ya milima

Katika uwanja wa Makumbusho ya Reli jijini Nairobi limesimama garimoshi lenye urefu wa karibu mita 32. Namba yake ni 5918, na jina lake ni Mount Gelai, mlima ulio kaskazini mwa Tanzania. Jirani yake, namba 5930, limepewa jina la Shengena, kilele cha milima ya Upare. Haya ndiyo mawili tu yaliyohifadhiwa kati ya magarimoshi 34 ya aina hiyo, yaliyojengwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Mengine ya ukoo huo yaliitwa Ruwenzori, Elgon, Muhavura na Mgahinga, majina ambayo msikilizaji wa Kasese, Mbale au Kisoro hahitaji kuelezwa.

Hata hivyo, Ruwenzori ya chuma haikununuliwa kwa ajili ya kuupanda upande wetu. Kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Mizigo ya Uganda ilipofika Nairobi, ilikabidhiwa kwa injini nyepesi zaidi ili iendelee na safari ya magharibi. Haikuwa kwamba injini ile ilikosa nguvu za kupanda. Reli za mbele ndizo zisizoweza kuubeba uzito wake. Kisa hiki cha injini na reli kugombania uzito ni cha zamani kama garimoshi lenyewe.

Injini ilishinda, reli ikavunjika

Februari 1804, huko Penydarren, kusini mwa Wales, mhandisi Richard Trevithick aliiwasha injini ya mvuke iliyovuta tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70 kwa umbali wa karibu kilomita 15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa injini kuvuta mzigo wa namna hiyo juu ya reli. Lakini reli zenyewe, zilizokuwa za chuma cha kusubu na zilizotandikwa kwa ajili ya magari ya farasi, zilivunjika chini ya uzito wake. Wenye njia wakarudi kwa farasi wao.

Miaka 25 baadaye, Oktoba 1829, kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester iliandaa mashindano huko Rainhill, na mshindi akaahidiwa pauni 500. Sharti mojawapo lilihusu uzito: injini isiyokuwa nyepesi haikukubaliwa. Aliyeshinda ni Robert Stephenson, kwa injini iliyoitwa Rocket. Siri yake ilikuwa ndani ya boila, yaani lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji. Injini za awali zilipitisha moto katika bomba moja pana, na joto jingi likatokea kwenye dohani bila kufanya kazi. Rocket ilikuwa na mabomba madogo 25 ya shaba yaliyozama ndani ya maji, kwa shauri la Henry Booth, mwandishi wa kampuni hiyo ya reli. Moto ukapita katika njia 25 badala ya moja, maji yakapata joto pande zote, na mvuke ukawa mwingi bila boila kuongezeka ukubwa.

Jambo la pili ni lile linaloipa injini ya mvuke sauti yake ya kuhema. Mvuke ukishausukuma pistoni ndani ya silinda, hautupwi pembeni. Huelekezwa juu kwenye dohani, na unapotoka kwa kasi huvuta hewa kupitia motoni. Basi kadiri injini inavyofanya kazi nzito, ndivyo moto wake unavyopulizwa zaidi. Hakuna mtu anayeshika mvukuto. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa ubunifu mzuri kabisa wa karne ile, na injini za mvuke za Uingereza zilizofuata ziliutegemea hadi mwisho wa enzi yao.

Zilizofuata zilikuwa kubwa na zenye kasi zaidi. Mwaka 1938 injini ya Mallard ilifikia kilomita 203 kwa saa katika mteremko mmoja nchini Uingereza, rekodi ambayo hakuna injini nyingine ya mvuke iliyothibitishwa kuivuka. Lakini huko reli zilikuwa nzito, na upana wa njia ulikuwa karibu mita moja na nusu. Njia ya Mombasa ilikuwa na upana wa mita moja tu, tena yenye kona nyingi, ikipanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 Nairobi, kisha zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa. Huko kasi haikuwa na maana kubwa. Kilichotakiwa ni nguvu.

Hesabu ya uzito

Gurudumu la chuma huishika reli ya chuma kwa sababu ya uzito tu. Kwa kadirio la wahandisi, injini ya mvuke huweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia robo ya uzito uliolala juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Ikilazimishwa kupita hapo, magurudumu huzunguka pale pale na treni haisogei. Anayetaka nguvu zaidi hana budi kuongeza uzito. Lakini reli nyepesi huweka mpaka wa uzito ambao kila ekseli inaweza kuubeba. Basi na aongeze ekseli. Akifanya hivyo, injini inakuwa ndefu na ngumu, nayo haiwezi kupinda kwenye kona.

Njia moja ya kuepuka fundo hili ilikuwa kufunga injini mbili kwenye treni moja. Hapo hulipwa madereva wawili na wachochezi wawili, na mioto miwili huwashwa.

Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza, alipata njia nyingine, akaipeleka kwa kampuni ya Beyer, Peacock iliyokuwa Gorton, mjini Manchester. Chukua seti mbili za magurudumu na silinda, alisema, uziweke mbali moja na nyingine, kisha ulaze boila moja kati yake kama daraja. Tangi la maji likae juu ya seti ya mbele, mafuta au makaa juu ya seti ya nyuma. Kila seti izunguke kwenye egemeo lake. Treni inapoingia konani, seti hizo mbili hufuata upinde wa reli, na boila hukatiza katikati kama kamba ya upinde. Uzito unasambaa juu ya ekseli nyingi, na njia ndefu.

Faida kubwa zaidi iko pale katikati. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, mhandisi anaweza kulifanya nene atakavyo, na tanuri la moto likawa pana na lenye kina, bila kubanwa na njia ya mita moja. Garimoshi la kwanza la Garratt lilijengwa mwaka 1909, likapelekwa Tasmania, kwenye njia yenye upana wa sentimita 61 tu. Garratt alifariki mwaka 1913, kabla ya kuona jina lake likienea Afrika nzima ya kusini na mashariki.

Ubunifu huo ulikuwa na kasoro zake. Mvuke ulilazimika kupita katika mabomba yenye viungo vinavyocheza, na viungo hivyo vilidai uangalizi. Tena maji na mafuta yalipopungua safarini, uzito juu ya magurudumu ulipungua pia, na injini ikawa rahisi kuteleza.

Tani 1,200 kutoka Mombasa

Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka 1926, nyepesi kwa makusudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika. Mizigo ilirundikana katika bandari ya Mombasa, na njia ya kwenda bara ilikuwa moja tu, ambayo treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa stesheni. Kwa nchi isiyo na bahari kama yetu, kila behewa lililokwama Mombasa lilikuwa bidhaa isiyofika dukani, na pamba au kahawa iliyochelewa kufika melini. Kama treni haziwezi kuongezwa sana, basi kila treni iwe nzito zaidi.

Ndipo ikaagizwa aina ya 59, ile ya majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252 na magurudumu 28. Ekseli zilizoendeshwa zilikuwa nane, kila moja ikibeba takriban tani 21. Jumla ni tani 168 za kushika reli, na nguvu ya kuvuta ya tani 37 hivi. Kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli nzito zilikuwa zimetandikwa, injini moja ilivuta tani 1,200 katika mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita 100. Hakuna injini ya mvuke ya njia ya mita moja iliyozishinda popote duniani.

Kutoka Nairobi kuja huku, ambako ekseli ilitakiwa kubeba nusu tu ya uzito huo, zilitumika Garratt nyingine, zikiwamo za aina ya 60, zilizoitwa kwa majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru, vibao vya magavana viling'olewa. Vya milima vilibaki.

Kiti cha dereva nacho kilikuwa na historia yake. Wakati wa ukoloni kilikaliwa zaidi na Wazungu na Wahindi, huku Waafrika wakiwa wachochezi wa moto, mafundi wasaidizi na watengeneza njia. Uhuru ulipokuja, wengi wa wachochezi hao walihamia upande wa pili wa chumba, mbele ya usukani wa mvuke.

Hawakukaa hapo muda mrefu. Injini ya mvuke kwa kawaida hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto la mafuta yake kuwa nguvu ya kuvuta, na hunywa maji mengi katika nchi kavu kama ile ya Taru. Dizeli za Uingereza ziliingia njia kuu kuanzia 1960. Garratt kubwa zaidi, aina ya 61, ilikuwa imechorwa karatasini, lakini haikujengwa. Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966, na Uingereza yenyewe ikaaga mvuke katika njia zake kuu mwaka 1968. Milima ya chuma iliendelea kupanda kutoka Mombasa kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo.

Moshi umekwisha, jina limebaki. Mimi ambaye kazi yangu ni kutafsiri habari, bado huandika "garimoshi" hata kwa treni ya dizeli, na hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika.

Atakayefika makumbusho ya Nairobi asiishie kutazama namba na jina. Asimame ubavuni, katikati ya garimoshi, kisha ainame kidogo atazame chini ya boila. Ataona mwanga wa upande wa pili. Hakuna gurudumu hata moja.