Dawa Utotoni, Wasiwasi Ukubwani: Funzo la Panya kwa Wazazi wa Thika na Ruiru

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwahimiza wazazi wawaadibu watoto mapema. Sayansi ya ubongo imeiongezea maana nyingine: ubongo mbichi hukunjwa na mengi, dawa zikiwamo, na huenda mkunjo huo usidhihirike hadi utu uzimani.

Mnamo mwaka 2004, Mark Ansorge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio la kustaajabisha. Vipanya wachanga walidungwa fluoksetini, dawa inayotumiwa kutibu sonona, tangu siku ya 4 hadi ya 21 baada ya kuzaliwa. Kisha dawa ikakomeshwa, nao wakaachwa wakue.

Kwa kuwa panya hawezi kuulizwa habari za moyo wake, watafiti walichunguza vitendo. Panya waliopewa dawa utotoni hawakuwa wachangamfu wa kupeleleza uwanja wasiouzoea. Walipokuwa na njaa, walikawia kula chakula kilichowekwa mahali pageni. Aidha, walichelewa kuukimbia mshtuko mdogo wa umeme. Mienendo hiyo huchukuliwa kuwa mfano wa wasiwasi na sonona.

Inakuwaje dawa imponyayo mkubwa imdhuru mdogo? Jibu limo katika kemikali iitwayo serotonini. Seli moja ya neva huitoa ili kuipasha nyingine habari, kisha protini maalumu huirejesha ndani. Fluoksetini huizuia protini hiyo, hivyo serotonini hudumu baina ya seli. Kwa mtu mzima, hali hiyo husaidia kuituliza sonona. Kwa mchanga, hata hivyo, serotonini si tarishi tu, bali pia ni fundi mjenzi: huelekeza jinsi seli za neva zinavyokua na kuungana. Kuvuruga kiasi chake wakati wa ujenzi ni kuvuruga msingi wa nyumba. Mwaka 2014, utafiti mwingine kutoka Columbia ulibainisha kuwa kipindi nyeti kwa panya ni siku ya 2 hadi ya 11. Panya huzaliwa akiwa hajakomaa. Kwa hivyo siku hizo hulinganishwa takriban na miezi ya mwisho ya mimba ya binadamu.

Je, haya yanamhusu nini mkazi wa Thika na Ruiru? Barabara ya Thika hupita karibu na Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo ni hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, kabla ya kufika Ruiru, Juja na Thika. Tiba haiko mbali kwa masafa. Pengo kubwa huenda likawa la lugha: mama mjamzito asemaye kuwa ana "mawazo mengi" huenda anaieleza sonona, ilhali asikiaye akadhani ni uchovu tu.

Ni kosa, basi, kuyatwaa matokeo ya panya na kumwamuru mama aitupe dawa yake. Panya si binadamu, na vipanya wale walidungwa dawa moja kwa moja. Zaidi ya hayo, sonona isiyotibiwa humdhuru mama na mwanawe pia: mama hukosa hamu ya kula, huacha kliniki, na hata huweza kujitoa uhai. Kuacha dawa ghafla nako kuna hatari zake. Uamuzi huo ni wa mama na daktari wake, wala si wa jirani au muuza dawa.

Kuhusu pombe hakuna mizani ya namna hiyo. Mwezi Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe haramu iangamizwe katika eneo la Kati, ikiwemo Kaunti ya Kiambu zilimo Thika na Ruiru. Mjadala uliofuata uliwahusu zaidi wanaume walevi. Mtoto aliye tumboni hakutajwa sana, ilhali pombe hupenya kondo la nyuma na kumfikia, na hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama kwake.

Dawa ina faida ya kupimwa dhidi ya hatari yake. Pombe haina faida yoyote kwa kijusi. Mzazi aielewaye tofauti hiyo atamwuliza daktari swali lifaalo, tena mapema, samaki angali mbichi.