Unataka kamera isiyo na kioo? Hesabu lenzi zako kabla ya kubadilisha kampuni

Kama unapiga picha za harusi, ubatizo, mahafali na vitambulisho katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja, au katika kijiji jirani, bila shaka umeshasikia habari za kamera ambazo wauzaji huziita mirrorless, yaani kamera zisizo na kioo. Muuzaji wa mjini anakuambia kamera yako imepitwa na wakati. Mwenzako amerudi na Sony ndogo na wateja wanaisifia.

Kamera hizo ni nzuri, hilo halina ubishi. Swali gumu zaidi ni hili: ukihama, ubaki na kampuni uliyoizoea au uende kwenye kampuni nyingine? Kwa mtu anayenunua kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, jibu lisilo sahihi linaweza kula mtaji wa mwaka mzima. Unaweza kujikuta na kamera mpya mkononi, huna lenzi ya kufunga juu yake, na marejesho ya kikundi yanakusubiri.

Kioo kinachozungumziwa ni kipi?

Si skrini ya nyuma. Ni kioo kidogo kilicho ndani ya kamera za DSLR, mbele ya sensa. Kioo hicho hurusha picha juu hadi kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo huruka juu, na ndiyo maana kamera hulia "klak".

Kamera isiyo na kioo imeondoa kifaa hicho. Sensa yenyewe inaona muda wote na kukuonyesha picha kwenye skrini au kwenye kitundu chenye skrini ndogo ndani. Unaona kabla ya kubonyeza kama picha itakuwa nyeusi au itaungua kwa mwanga. Nyingi za miaka ya karibuni pia hutafuta jicho la mtu na kulilenga zenyewe, jambo linalosaidia sana bibi harusi anapotembea kuelekea kwako.

Kampuni kubwa zimeelekea huko. Kamera za mwisho za DSLR zilizotolewa na Canon na Nikon ni za mwaka 2020. Hiyo haina maana kwamba yako imekufa. Mteja anayetaka picha ya pasipoti au ya kuweka kwenye fremu hataona tofauti. Kama kamera yako inafanya kazi na wateja wanarudi, una haki ya kusubiri.

Mali yako ni lenzi, si kamera

Kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi. Canon ilianza mdomo wa EF mwaka 1987, na Nikon ina mdomo wa F tangu 1959. Kwa kamera zisizo na kioo, kampuni hizo mbili zilileta midomo mipya mwaka 2018: Canon RF na Nikon Z. Sony ilitangulia na mdomo wa E mwaka 2010, na Fujifilm ikaja na X mwaka 2012.

Kwa hiyo hata ukibaki Canon, lenzi yako ya zamani haiingii moja kwa moja kwenye kamera mpya. Inahitaji adapta, na adapta inawezekana kwa sababu ya nafasi. Lenzi ya Canon EF imetengenezwa ikae milimita 44 kutoka kwenye sensa. Kwenye kamera za RF umbali ni milimita 20 tu, kwa sababu kioo hakipo. Adapta inajaza milimita 24 zilizobaki. Kwa Nikon, F ni milimita 46.5 na Z ni 16. Kwa Sony E ni 18.

Adapta nzuri haina kioo cha lenzi ndani. Ni bomba tupu lenye nyaya za kupitisha mawasiliano kati ya lenzi na kamera, hivyo haipunguzi ubora wa picha. Jambo la kuuliza ni kama mawasiliano hayo yanapita vizuri.

Ukibaki na kampuni yako

*Canon.* Adapta ya Canon yenyewe, EF-EOS R, huzifanya lenzi za EF na EF-S zifanye kazi zikijilenga zenyewe. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza, lenzi za EF-S, kama 18-55 inayokuja na 600D au 700D, ni za sensa ndogo. Ukiifunga kwenye kamera ya sensa kubwa kama EOS RP, kamera hukata pembeni, na megapikseli 26 zinabaki takriban 10. Kama lenzi zako ni EF-S, tafuta kamera ya sensa ndogo kama R10 au R50.

La pili, usichanganye RF na EF-M. Kamera za EOS M, kama M50 ambayo huuzwa sana kwa mtumba, zina mdomo wa EF-M, ambao Canon imeuacha. Lenzi za EF-M haziingii kwenye kamera za RF, na hakuna adapta ya kuzipeleka huko. M50 inapiga vizuri, ila ukiinunua jua kwamba njia inaishia hapo.

*Nikon.* Adapta ya Nikon inaitwa FTZ. Lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P zinajilenga kama kawaida. Lakini lenzi za AF au AF-D, ambazo huzungushwa na mota iliyo ndani ya kamera kama D90 au D7000, hazitajilenga, kwa sababu FTZ haina mota hiyo. Utazungusha kwa mkono. Kwa hiyo kama lenzi yako kubwa ni 50mm f/1.8D, faida ya kubaki Nikon imepungua. Soma maandishi kwenye pete ya lenzi kabla hujaamua.

Ukihamia kampuni nyingine

Ziko sababu za kweli za kuhama. Mdomo wa Sony E ni wa tangu 2010, hivyo lenzi za mtumba ni nyingi, na Sigma na Tamron wametengeneza lenzi nyingi za bei nafuu kwa ajili yake. Kwa Canon RF, Sigma na Tamron walitangaza lenzi zenye leseni ya Canon mwaka 2024 tu, tena za kamera za sensa ndogo.

Sababu nyingine ni jirani zako. Kama wapiga picha watatu wa eneo lako wanatumia Sony, unaweza kuazima lenzi yako ikianguka Ijumaa na harusi iko Jumamosi. Kama wote wanatumia Canon, ukiwa na Sony utakuwa peke yako. Hili halipo kwenye tangazo la duka lolote, lakini kwa mtu anayeishi mbali na mji lina uzito.

Je, unaweza kupeleka lenzi za Canon kwenye Sony kwa adapta? Ndiyo, adapta zipo. Lakini zinatengenezwa na kampuni nyingine, na kulenga kunatofautiana lenzi kwa lenzi. Sigma MC-11, kwa mfano, inahakikishiwa kwa lenzi za Sigma zenyewe. Lenzi za Canon mara nyingi hufanya kazi, ila bila dhamana. Usitegemee adapta ya namna hiyo kwenye harusi kabla hujaijaribu na lenzi yako mwenyewe, ndani ya nyumba, kwenye mwanga mdogo, mtu akitembea.

Betri na umeme

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kamera isiyo na kioo inawasha sensa na skrini muda wote, kwa hiyo inakula betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, Nikon D3500 hupiga picha 1,550 kwa betri moja na Canon 80D hupiga 960. Canon EOS RP hupiga 250. Sony A6000 ni 310 ukitumia kitundu, na Sony A7 III, yenye betri kubwa, ni 610. Kwa vitendo unaweza kupata zaidi ukipiga mfululizo, lakini tofauti ipo.

Kama umeme wako ni wa sola au wa kulipia kwenye kibanda cha kuchaji simu, weka betri mbili au tatu za ziada kwenye bajeti tangu mwanzo. Habari njema ni kwamba kamera nyingi mpya huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo pawabenki inaweza kusaidia.

Usidhani kampuni ileile ni betri ileile. Canon 600D na 700D hutumia LP-E8, lakini R10, R50 na RP hutumia LP-E17, kama 750D na 800D. Nikon D7000 na D750 hutumia EN-EL15, ambayo inaingia pia Z5 na Z6. Lakini Z50 na Z30 zinatumia EN-EL25.

Flashi, kadi na kompyuta

Flashi ya kujipima yenyewe huongea lugha ya kampuni moja. Flashi ya Canon juu ya Nikon inaweza kuwaka, lakini haitapima mwanga; utaweka nguvu kwa mkono. Flashi ya mkono tu kama Yongnuo YN560 inahama kwa urahisi zaidi. Baadhi ya kamera mpya zimebadilisha sehemu ya kufungia flashi, kwa hiyo nenda dukani na flashi yako na uiwashe juu ya kamera.

Kadi za SD zinahama bila shida. Kadi nene za CF za kamera kama 7D au 5D Mark II hazitaingia.

Kwenye kompyuta, kama unapiga RAW na unatumia Photoshop ya zamani kama CS6, faili za CR3 za kamera mpya za Canon hazitafunguka. Programu ya bure ya Adobe DNG Converter huzigeuza zifunguke. Kama unapiga JPEG tu, usiwe na wasiwasi.

Vumbi, na ukimya

Bila kioo, sensa inabaki wazi unapobadilisha lenzi. Wakati wa kiangazi, barabara za makazi yetu ni vumbi tupu. Zima kamera kwanza, ielekeze chini, badilisha ndani ya nyumba au ndani ya gari.

Kamera hizi pia zinaweza kupiga kimya kabisa. Ni faida kanisani, msikitini na msibani. Lakini kwenye hali hiyo nyingi haziwashi flashi, na chini ya taa za LED picha inaweza kutoka na mistari. Kumbuka pia kwamba kamera isiyolia haikupi ruhusa ya kumpiga mtu asiyejua. Miongoni mwetu wapo watu ambao picha yao ikisambaa inaweza kuwahatarisha wao au ndugu walioachwa nyumbani. Omba ruhusa kwanza.

Piga hesabu kwenye karatasi

Gawa karatasi safu mbili. Tuseme una 700D, lenzi ya 18-55, lenzi ya 50mm f/1.8 STM, flashi ya YN560 na betri tatu.

- *Safu ya kwanza, Canon R10:* kamera, adapta, betri mbili za ziada. Lenzi zote mbili zinabaki.
- *Safu ya pili, Sony A6400:* kamera, lenzi ya kawaida, lenzi ya 50mm au inayokaribia hapo, betri mbili za ziada. Toa pesa utakazopata kwa kuuza lenzi zako za Canon.

Jaza bei za kweli ulizopewa na wauzaji wawili tofauti, pamoja na nauli. Kisha andika chini: harusi ngapi zitalipa tofauti hiyo? Kama una lenzi moja tu ya 18-55, huna cha kupoteza sana, na kampuni yoyote iko wazi kwako. Kama una lenzi tatu au nne nzuri, kubaki mara nyingi ndiyo nafuu.

Siku ya kununua

1. Nenda na lenzi, flashi na kadi yako. Piga picha halisi, ndani na nje.
2. Fungua menyu ya lugha. Sony nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake.
3. Piga ukuta mweupe na ukuze picha. Madoa yasiyohama ni uchafu au mikwaruzo kwenye sensa.
4. Tikisa lenzi taratibu ikiwa imefungwa. Isicheze kwenye mdomo.
5. Dai risiti yenye jina lako na namba ya kamera iliyo chini yake. Ukisimamishwa njiani kati ya mji na makazi, karatasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba mali ni yako.

Usiuze kamera ya zamani siku hiyohiyo. Peleka zote mbili kwenye harusi ya kwanza, ya zamani ikiwa ndani ya begi. Mpya ikikataa katikati ya sherehe, bibi harusi hatarudia kuolewa kesho ili umpige picha.