Mama aliyepigana na deni la nchi

Binti akisema anataka kusoma ekonomia, wengi wetu tunamwuliza: kazi utapata wapi? Leo tumtazame mama mmoja wa Nigeria, Ngozi Okonjo-Iweala.

Alizaliwa mwaka 1954. Wazazi walipokwenda kusoma Ujerumani, alilelewa na nyanya yake kijijini. Kisha ikaja vita ya Biafra, 1967 hadi 1970. Mdogo wake wa miaka 3 akashikwa na malaria kali, baba yuko vitani, mama mgonjwa. Ngozi, miaka 15, akambeba mgongoni kilometa kama 10 hadi kwa daktari. Akakuta watu wamejaa mlangoni. Akatambaa kati ya miguu yao, akapitia dirishani. Mtoto akapona.

Alisoma Marekani, akapata udaktari wa ekonomia mwaka 1981, akaingia Banki ya Dunia. Kule ekonomisti huchunguza nchi inayoomba mkopo: pesa itafanya nini, italipwa na nini?

Mwaka 2003 akawa waziri wa fedha wa Nigeria. Nchi ilidaiwa dola miliari 30 hivi na mataifa ya Klabu ya Paris. Sehemu kubwa ilikuwa riba na faini za kuchelewa, na sisi wa vikundi vya mikopo tunajua namna faini inavyomeza mtu. Mwaka 2005 wadai walikubali kufuta miliari 18. Iliyobaki Nigeria ikalipa, kwa sababu bei ya petroli ilikuwa imepanda na alihakikisha ziada inawekwa.

Mimi napenda zaidi jambo lingine. Wizara yake ilianza kuchapisha gazetini, kila mwezi, pesa iliyotumwa kwa kila jimbo. Mzazi ambaye shule ya mtoto wake haina paa aliweza kumwuliza gavana: ile pesa iko wapi? Ni kama daftari la likelemba kusomwa mbele ya wote.

Wengine hawakufurahi. Alipokuwa waziri mara ya pili, alizuia malipo ya wafanyabiashara waliodai pesa ya petroli ambayo hawakuleta. Desemba 2012 watu wenye silaha walimteka mama yake, mwenye miaka 82. Walitaka binti ajiuzulu. Hakujiuzulu. Baada ya siku 5 mama alirudi nyumbani akiwa hai, na Ngozi akabaki wizarani hadi 2015. Tangu Machi 2021 anaongoza Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti kile.